Mmoja kwa Kila Nyumba

Nilimkuta Mama amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, amempakata mjukuu wake, na mtoto ananyonya titi ambalo halikuwa na tone la maziwa. Hilo lenyewe halikunishtua. Kwetu Chilangala bibi kumpa mjukuu titi ili anyamaze ni jambo la kila siku, na mdogo wangu, mama wa mtoto, alikuwa akifundisha shule mjini Newala na kurudi jioni. Kilichonisimamisha na kapu langu mkononi ni kwamba mtoto alipochoka upande wa kushoto na kuugeukia wa kulia, Mama alimrudisha kushoto. Akageuka tena, akarudishwa tena, mpaka akaanza kulia.

"Mbona unamlazimisha?" nikauliza.

"Shikamoo imeishia njiani?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Titi hili limelala. Somo kasema linyonywe mpaka liamke."

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto katika zahanati moja ya vijijini, kule chini upande wa Masasi. Nilikuwa nimeshika matiti ya wanawake wa vijiji vingapi, sijui. Ningepaswa kuliweka kapu chini na kusema kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Badala yake nilitabasamu, nikaingia ndani kutafuta maji ya kunywa. Ili nieleze kwa nini nilitabasamu, lazima nirudi nyuma miezi kadhaa, kwenye semina iliyonitia kiburi na hofu kwa wakati mmoja.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda kwetu na malori yao, mitumba ikajaa gulioni, na mjini Masasi maduka ya dawa yakachipua kila kona, hata ukaweza kununua vidonge vya uzazi wa mpango kama unavyonunua kiberiti. Wanawake walikuja kliniki na pakiti zao zimefungwa kwenye pindo la kanga, wananinong'oneza: "Eti dada, ni kweli hivi vinaleta kansa?" Sikujua. Nami nina tabia mbaya, kutojua kunaniudhi kuliko njaa. Kwa hiyo nilipoitwa semina Mtwara nilikwenda na daftari jipya na kalamu mbili.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi, asiyecheka, aliyejua kueleza. Alisema mwili wa mwanamke una homoni ambazo kila mwezi huliamsha titi lijiandae kumpokea mtoto. Mtoto asipokuja, titi hutulizwa, na mwezi unaofuata huamshwa upya. Kuamshwa na kutulizwa huko kwa miaka na miaka, alisema, ndiyo mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya saratani ya matiti. Mwanamke anayezaa mapema na kunyonyesha muda mrefu hulipumzisha titi lake, na hatari yake hupungua. Aliyevunja ungo mapema, aliyechelewa kukoma hedhi, asiyezaa kabisa, hatari yake huwa juu kidogo. Vidonge navyo alivieleza: wakati wa kuvitumia huongeza kidogo hatari upande wa titi, lakini hupunguza ile ya mfuko wa uzazi na ya vifuko vya mayai. Kisha akaendelea na nusu ya pili. Alisema kwa saratani ya shingo ya kizazi mambo hugeuka, wenye uzazi mwingi ndio walio hatarini zaidi. Na akasema kupungua kwa hatari si kwisha kwa hatari.

Hiyo nusu ya pili nimekuja kuisoma kwenye daftari la mwenzangu. Kwenye langu haimo. Kalamu yangu ilisimama pale aliposema "asiyezaa kabisa".

Nilikuwa nimekaribia miaka arobaini. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika kwa sababu moja tu, nayo ilijulikana na kila mtu kuanzia kwa mawifi hadi kwa muuza chumvi. Siku zote nilikuwa najiambia kwamba nimeshalipokea. Kumbe sikuwa nimelipokea, nilikuwa nimelifunika tu. Niliposikia kwamba hata ule uchungu wa kila mwezi, ule wa kusubiri na kukata tamaa, ulikuwa unanifanyia kazi ndani ya titi bila mimi kujua, nilimchukia mkufunzi, nikamchukia kila mwanamke mle ukumbini aliyekuwa anaitikia kwa kichwa kwa utulivu. Wao walikuwa wanaandika, mimi nilikuwa nimeshajiona kaburini.

Nilipotoka Mtwara nilipitia Chilangala na kumwaga yote kwa Mama. Nililia kama mtoto, sina haja ya kuficha. Nilimwambia maradhi haya ni ya watu kama mimi, kwamba wenye watoto wana kinga yao, na kwamba Mungu kama ameninyima mtoto angalau angeniacha na mwili wangu. Mama alikuwa anapepeta mbaazi. Aliacha ungo ukae mapajani.

"Na haya maradhi," akauliza, "katika nyumba moja huwa yanachukua wangapi?"

Lilikuwa swali la ajabu. Ningebaki muuguzi wakati ule ningelifikiria. Lakini nilikuwa mtoto anayelia, na nilitaka abaki kunihurumia, asiniulize maswali.

"Mmoja, Mama. Mmoja inatosha."

"Mmoja," akasema, akarudi kwenye mbaazi zake.

Huko kliniki nikawa moto. Nilitunga hata wimbo, wanawake wakawa wanauimba kwenye benchi wakisubiri kupima watoto, kwamba mama anyonyeshaye amejifunga ngao kifuani. Nilijiona nimeleta kitu. Wenye pakiti za vidonge na wasio na watoto niliwaita pembeni, nikawafundisha kujipapasa kwa vidole vitatu, kwa duara, kila mwezi baada ya hedhi. Nami nilijifungia chumba cha pazia nikajipapasa hivyo hivyo, mara nyingine mara mbili kwa wiki, mpaka ngozi ikauma. Wenye watoto wanane, tisa, niliwaacha waende na wimbo wao.

Basi sasa unaelewa kwa nini nilitabasamu siku ile. Somo wa Mama alikuwa amesema titi linyonywe, na daftari langu lilisema kunyonyesha ni kinga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu unyago na semina vilikuwa vimekubaliana, nikafurahi.

Niseme kidogo kuhusu somo. Kwetu msichana akichezwa unyago hupewa mwanamke wa kumsimamia, na huyo ndiye anayebaki na siri za mwili wake hadi kufa. Jambo la mwili haliendi kwa mama mzazi wala kwa binti, linakwenda kwa somo. Somo wa Mama alikuwa ajuza mwembamba, Mwislamu wa swala tano, naye Mama alikuwa mwanamke wa kanisa asiyekosa misa, lakini mbele ya yule bibi Mama alikuwa mtoto. "Mwali wangu," ndivyo alivyomwita, mtu mwenye wajukuu kumi na wawili.

Binti kuangalia kifua cha mama yake kwa nia ya kupima ni kumvunjia heshima. Nilijua hivyo, kwa hiyo sikuomba kushika. Nilikwenda kwa somo, nyumba ya tatu, nikamuuliza amekuta nini.

"Kitu kama punje ya njugumawe," akasema. "Kigumu. Kimekaa pembeni, kuelekea kwapani."

"Kinamuuma?"

"Hakiumi hata kidogo. Ni maziwa ya mtoto wa mwisho yaliyoganda. Yatavutwa yataisha."

Kigumu, pembeni, hakiumi. Maneno yote matatu nilikuwa nayafundisha kila Jumanne. Nilirudi kwa Mama nikamwambia, kwa sauti yangu ya kliniki: "Wewe umezaa wanane, na kila mmoja amenyonya miaka miwili. Wewe huna shida, Mama. Yale maradhi si yako, ni ya watu kama mimi."

Aliniangalia muda mrefu. Nilidhani ananionea huruma.

"Wala usiseme hivyo tena," akasema.

Msimu wa korosho ukaingia. Mama aliokota korosho na wenzake kama kawaida, akianika na kuchagua, akigombana na wanunuzi juu ya vipimo vyao. Nilipanda kumwona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na mtoto kifuani, upande ule ule. Nilimletea sabuni na sukari. Tulizungumza habari za mvua, maana kwetu Newala mvua ndiyo inayojaza visima vya nyumbani, na visima vilikuwa vimebaki tope. Sikuuliza kuhusu titi. Nilikuwa nimeshatoa jibu, na mtu aliyetoa jibu hapendi kuuliza tena.

Masika yalipokuwa yanamalizikia, siku ya kliniki, niliinua kichwa kutoka kwenye mizani nikamwona somo amekaa kwenye benchi katikati ya wajawazito. Alikuwa ametelemka mlima kwa Landrova za abiria, mtu ambaye hata sokoni Newala alikuwa hapendi kwenda. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa maji. Akangoja nimalize mtoto niliyekuwa nampima. Kisha akasema, bila kushusha sauti, wanawake wote wakisikia:

"Mtoto amekataa lile titi. Anapelekwa, anapiga kelele, anageuza uso. Na ngozi imeingia ndani, imefanya kishimo. Nimekosea, mwanangu. Na wewe umekosea. Tusipoteze muda kutafuta nani zaidi."

Nilivua gauni la kazi palepale.

Tulipanda Chilangala siku iyo hiyo. Mama alipotuona tumeongozana alijua. Somo aliingia naye chumbani, akaniita. Mama alikuwa amekaa kitandani ameshika kanga yake kifuani kwa mikono miwili, ameinamisha uso, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshindwa kuingia. Nilikuwa naiogopa njugumawe ile, lakini, niseme kweli, nilikuwa naogopa zaidi kumfungua Mama kanga.

"Mwali wangu," somo akamwambia, "nilikupokea ukiwa msichana. Leo nakukabidhi kwa huyu. Usione haya, ni mimi ninayempa." Kisha akanishika mkono, mkono wake juu ya wangu, akaupeleka mpaka pale. Haikuwa njugumawe tena. Ilikuwa kubwa, ngumu, imeshikamana na ndani, na kwapani kulikuwa na nyingine ndogo mbili. Somo hakuuondoa mkono wake. Tulikaa hivyo mikono miwili juu ya kifua cha Mama, na nililia kimya kimya, kwa hasira, kwa sababu nilijua kila kitu nilichokuwa nakishika.

Hospitali tuliyokwenda ilikuwa chini, mbali kidogo na Masasi. Daktari alikuwa mpole. Alimpima, akanitoa nje ya pazia kunieleza kwamba titi linapaswa kuondolewa, na haraka. Nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinanitia aibu, nikabishana naye.

"Lakini amezaa wanane, daktari. Amewanyonyesha wote. Alizaa wa kwanza ana miaka kumi na saba."

"Hayo yalimpunguzia," akasema. "Bila hayo pengine angeugua mapema zaidi, au asingeugua, sijui. Hiyo ni hesabu ya wanawake wengi wakiwekwa pamoja, dada. Haimjui mama yako." Kisha akaongeza: "Na wewe ni binti yake. Mama akipata, binti anapaswa kujiangalia zaidi kuliko wengine. Nadhani unajua."

Nilikuwa sijui. Nikawaza huenda nayo ilikuwa katika ile nusu ya pili.

Nilirudi wodini na karatasi ya kukubali upasuaji, ya kuweka dole gumba. Mama akaitazama, akaisukuma pembeni.

"Siweki."

Nikadhani anaogopa kisu. Nikamweleza habari ya sindano ya usingizi. Nikadhani ni mambo ya imani, nikajitolea kumwita padri. Alitikisa kichwa tu. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na daktari akaniambia kwa upole kwamba kitanda kina watu wanaokingoja. Nilimfokea Mama. Nilimfokea mgonjwa, mama yangu mzazi, katikati ya wodi, kwamba anataka kufa kwa ukaidi. Ni somo, aliyekuwa amekaa chini kando ya kitanda akimenya chungwa, ndiye aliyemuuliza kama mtu anavyomuuliza mtoto.

"Mwali wangu, unalilinda titi hili kwa ajili ya nani?"

Mama akanitazama, kisha akatazama ukutani.

"Likitolewa," akasema, "litakwenda kwake."

Hatukumwelewa. Ikabidi aseme yote. Alisema siku ile niliyotoka Mtwara nikilia, alikwenda kanisani peke yake. Akamwambia Mungu kwamba binti huyu umeshamnyima mtoto, usimpe na hili. Kama nyumba moja inachukuliwa mmoja, nichukue mimi, mimi nimeshazaa, nimeshalea. Akaomba hivyo kila Jumapili. Na miezi miwili baadaye alipokuwa anaoga akakuta kile kipunje, alimshukuru Mungu. Ndivyo alivyosema, alimshukuru. Alimwonyesha somo kwa sababu ni wajibu, akakubali kumnyonyesha mtoto kwa sababu aliambiwa, lakini hakutaka kipone. Alikuwa anajua ni nini tangu siku ya kwanza. Mimi, muuguzi, nilikuwa nikimwambia si yake, ni yangu, na kila nilipomwambia hivyo alizidi kukishikilia.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia hayagawanywi hivyo, Mama, hayana zamu, hayabadilishwi. Nikamwambia lile neno la mmoja kwa kila nyumba nililitoa kichwani tu ili uniache nilie.

"Ulisema pia kwamba mimi siwezi kuyapata," akanijibu.

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa anakumbusha tu, kama mtu anavyokumbusha bei ya jana.

Somo alifuta mikono yake kwenye kanga, akainuka, akavuta shuka iliyokuwa imetundikwa kati ya kitanda chetu na cha jirani. Akaniambia: "Fungua."

"Bibi?"

"Fungua kifua. Nilimkabidhi binti mama, sasa namkabidhi mama binti. Asikie kwa mkono wake."

Nilifungua vifungo vya blauzi. Mama alijiinua, somo akamwegemeza. Sikuwa nimewahi kumfundisha, lakini alikuwa ameshaniona nikiwafundisha majirani zake uani kwetu, na alikuwa ameshika yote: vidole vitatu, kwa duara, kuanzia pembeni kuja katikati, halafu kwapani. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vimebabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho. Alikwenda polepole, upande wa kulia, kisha wa kushoto, akarudi wa kulia. Macho ameyafumba. Sikuwa nimeguswa na Mama namna ile tangu sijui lini, na wakati huo hata mimi sikuwa na uhakika angekuta nini.

"Hamna kitu," akasema.

"Hamna, Mama."

"Na lile langu bado lipo?"

"Lipo."

Akafikiri. "Basi kama nikilitoa, utakuja nikuangalie. Kila mwezi. Nisipokuta kitu, nitaamini."

"Nitakuja."

"Leta karatasi."

Alifanyiwa upasuaji kesho yake. Kliniki niliufuta ule wimbo. Nilisimama mbele ya benchi nikawaambia wanawake kwamba niliwafundisha nusu, nikawasomea nusu nyingine kutoka daftari la mwenzangu, na wenye watoto tisa nao wakajifunza vidole vitatu. Wengine walikasirika. Mmoja aliniuliza ni lini nitabadilisha tena, na nilistahili.

Mama aliishi misimu minne ya korosho. Kila mwisho wa mwezi nilipanda Chilangala, na kabla sijapewa hata maji alikuwa akifunga mlango, ananiambia nifungue blauzi. Vidole vitatu, kwa duara. "Hamna kitu," anasema, ndipo tunatoka kula. Somo alifariki katikati ya msimu wa tatu, na Mama akaendelea bila yeye. Mara ya mwisho alikuwa amelala na hawezi kukaa, ikabidi mimi niinamie mkono wake.

Lile neno la daktari, kwamba kwa sababu yeye aliugua mimi ndiye nizidi kujiangalia, sikumwambia. Miaka minne yote nilikuwa nalo, kila mwezi, nimesimama mbele yake na blauzi wazi, na kila aliposema hamna kitu uso wake ulikuwa unang'aa, akiamini amenilipia.